Kitenzi Kilichonyang'anywa Kazi

Chukua sentensi hii, ya aina iliyojaa katika taarifa za ofisi: "Mkuu wa wilaya amefanya ukaguzi wa mradi wa maji na kutoa pongezi kwa mafundi." Haina kosa la sarufi. Lakini vitenzi vyake viwili, kufanya na kutoa, havisemi lolote. Kazi yote yametwishwa maneno "ukaguzi" na "pongezi". Andika "Mkuu wa wilaya amekagua mradi wa maji na kuwapongeza mafundi," na maneno 14 yanakuwa 10 bila kupungua maana.

Zoea hilo la vitenzi vitupu ndilo ningependa waandishi wetu waliache kwanza, kabla hata ya kubishana juu ya "masaa" na "saa". Kitenzi cha Kiswahili kina uwezo mkubwa mno kuachwa kikae bure. Katika neno moja, "hatukuwaandikia", mna ukanushi, mtenda, wakati, watendewa na tendo lenyewe. Mwenye lugha ya namna hii akiandika "hatukufanya mawasiliano ya barua kwao", amejinyima mwenyewe.

"Kuweza" nako hupenyezwa pasipo haja: "tunaomba muweze kufika mapema" ni "tunaomba mfike mapema". Na "mvua ilipelekea barabara kufungwa"? Anayepelekewa kitu ni mtu, kama bibi apelekewavyo maziwa. Barabara ilifungwa kwa sababu ya mvua.

"Amba-" isihukumiwe kwa jumla. "Mgeni ambaye alifika" hufupika vizuri kuwa "mgeni aliyefika", ila katika "mgeni ambaye hakufika" huna njia nyingine ya kuonyesha wakati uliopita, kwa kuwa ukanushi wa wakati uliopita haupokei kirejeshi ndani ya kitenzi.

Kauli ya kutendwa inanigusa zaidi. "Nilizaliwa Tanga" haina dosari. Hakuna anayeuliza nani alizaa. Lakini tangazo linalosema "imeamuliwa soko lihamishwe" linamwacha mwenye kibanda gizani. Nani ameamua? Aende wapi kulalamika? Mwandishi anayemjua mwamuzi na kumficha nyuma ya kiambishi -w- anakosea uadilifu kabla ya kukosea mtindo. Kama ni halmashauri, aandike "Halmashauri imeamua kuhamisha soko", kisha ataje tarehe, sababu na ofisi ya kupokea malalamiko.