Baisikeli na Vita vya Saratani

Wako watu wasemao kwamba kupanda baisikeli kwa ajili ya utafiti wa saratani ni mchezo tu wa wenye nafasi. Mwenye fedha, wasema, na atoe, kisha akae kwake. Hoja hiyo yastahili kujibiwa.

Mwaka 1980, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, watu 36 walifunga safari kwa baisikeli kutoka Springfield hadi Provincetown, kwenye ncha ya pwani. Aliyewaita ni Billy Starr, ambaye mama yake alikwisha kufa kwa saratani. Walikusanya dola 10,200 kwa ajili ya Dana-Farber, taasisi ya tiba na utafiti iliyoko Boston. Safari hiyo, iitwayo Pan-Mass Challenge, ingaliko. Na jumla ya fedha zake imekwisha kupita dola bilioni 1. Tena si mashindano, wala hakuna kikombe!

Fedha hizo hazikutoka katika mfuko wa tajiri mmoja. Kila mpandaji huahidi kiasi maalumu, kisha huwaendea jirani, jamaa na wafanyakazi wenzake akiomba mchango. Kikipungua, hujazia mwenyewe. Uzito wa kazi uko hapo, wala si katika vilima vya njiani. Akaaye kwake hutoa chake peke yake. Mpandaji huleta chake na cha wengi ambao wasingekumbuka kutoa.

Miongoni mwa wapandaji wamo waliopata kuugua saratani wakatibiwa. Hao hawana haja ya kuelezwa fedha zaenda wapi.