Mwenga: chura wa mto Elila alionekana tena, lakini maji yake yamo hatarini

Katika msitu unaofuata mto Elila, teritwari ya Mwenga, kusini-magharibi mwa Bukavu, anaishi chura mdogo ambaye wakaaji wengi wa jimbo hawajawahi kumsikia. Wanasayansi wanamwita Hyperolius leucotaenius. Ni wa jamii ya vyura wanaopanda majani na matete, kwa vidole vyenye ncha pana zinazonata. Anajulikana Kivu Kusini tu, si kwingine duniani.

Mbelgiji Raymond Laurent ndiye aliyemtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1950. Baadaye uasi na vita viliifanya milima ya Itombwe kuwa vigumu kufikiwa, na chura huyo akabaki jina vitabuni.

Mwaka 2012, Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, pamoja na Mkongomani Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti CRSN Lwiro, teritwari ya Kabare, walitangaza kwamba aina nne za vyura wa Itombwe zimeonekana tena. Yeye ni mmoja wao.

Habari hiyo njema haimalizi wasiwasi. Mwenga ni nchi ya dhahabu, na dhahabu hiyo huuzwa hadi Bukavu. Uchimbaji kando ya mito huondoa miti na kujaza maji tope, na zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu huishia mtoni. Chura hanywi kwa mdomo: maji humwingia kupitia ngozi, pamoja na uchafu uliomo. Viluwiluwi wake nao hukulia majini.

Wanadamu hutumia maji hayohayo kwa kunywa, kufua na kuvua samaki. Mwezi wa Agosti 2021, baada ya wananchi kulalamikia uharibifu wa mazingira, gavana wa wakati huo Théo Ngwabidje alisimamisha kazi za makampuni kadhaa ya dhahabu huko Mwenga.

Hifadhi ya Itombwe iliundwa mwaka 2006, na mipaka yake ikawekwa baadaye kwa mazungumzo na wenyeji. Mipaka hiyo inaweza kuzuia shoka, lakini haizuii tope linaloteremka na mto. Kwa hiyo kumlinda chura wa Elila kunaanzia kwenye machimbo, na faida yake ya kwanza itawafikia wanaochota maji huko chini.