Chanjo ya nimonia: Arobaini ikiisha, kliniki inaanza

Leo tutazungumzia ugonjwa ambao wazee wetu wanauita kichomi, vitabu vinauita homa ya mapafu, na hospitali tunauita nimonia. Zaidi tutaangalia chanjo yake, na kwa nini baadhi yetu tunaianza halafu tunaiacha njiani.

Nianze na kisa. Msimu mmoja wa mvua, usiku, bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miezi saba katika kituo nilichokuwa zamu. Mtoto alikuwa amekohoa siku nne. Siku ya pili ya kikohozi alipelekwa kwa fundi akakatwa kimeo, kwa kuwa jirani alisema kikohozi kile ni cha kimeo. Nilipomfunua kifua nilihesabu pumzi 72 kwa dakika moja, na chini ya mbavu palikuwa panabonyea ndani kila akivuta hewa. Kunyonya alikuwa amekwisha kuacha.

Tulimuwekea oksijeni, tukamchoma dawa, na kwa uwezo wa Allah (S.W.) alipona. Asubuhi baba yake alikuja na kadi ya kliniki. Chanjo ya nimonia ilikuwa imetolewa mara moja tu kati ya mara tatu. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Daktari, mama yake alisema mtoto amechanjwa. Sisi tulijua kuchanjwa ni kuchanjwa. Nani alituambia kuna ya pili na ya tatu?"

Sikuwa na jibu. Inawezekana kabisa kwamba siku ile ya kwanza mhudumu alichoma, akaandika tarehe kwenye kadi, akamwita mwingine, bila kueleza neno. Makala hii ni maelezo ambayo baba yule alistahiki kupewa.

NIMONIA NI NINI?

Nimonia ni ugonjwa wa mapafu. Vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hujaa usaha na maji, na mtoto akivuta hewa haipati pa kuingia. Ndiyo maana hupumua haraka haraka kama aliyekimbia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 ugonjwa huu uliua watoto zaidi ya 700,000 wenye umri chini ya miaka mitano duniani kote.

Watu wa huku kwetu Tarime tunaishi milimani, baridi tunaijua, na wengi husema nimonia inaletwa na baridi. Baridi peke yake haileti nimonia. Ugonjwa unaletwa na vijidudu, na aliye mbaya kuliko wote kwa watoto ni bakteria anayeitwa pneumokokasi. Huyu hukaa puani na kooni, hata kwa watoto wasioumwa, na huhama kwa kukohoa na kupiga chafya. Wakati wa mvua na baridi tunajifungia ndani, watoto wanalala wengi chumba kimoja, moto wa kuni unawaka na moshi umejaa. Hapo kijidudu kinapata njia, na moshi umekwisha kuyadhoofisha mapafu ya mtoto.

Bakteria huyo huyo akiingia kwenye damu anaweza kufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Mtoto akipona huko, anaweza kubaki kiziwi.

ARUBAINI NA CHANJO

Chanjo dhidi ya pneumokokasi ilizinduliwa nchini Tanzania Desemba 2012, na mwaka 2013 ikaanza kutolewa katika vituo vya kawaida. Kitaalamu inaitwa PCV, na ile iliyoanza nayo nchi yetu ilikinga aina 13 za bakteria huyo. Hudungwa pajani mara tatu: mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Katika vituo vya serikali haina malipo.

Sasa akina mama wa Kiislamu wana hesabu nyepesi kuliko watu wote. Wiki 6 ni siku 42. Maana yake, arobaini ikiisha, siku mbili baadaye ni siku ya kliniki. Mzazi anapotoka arobaini, safari yake ya kwanza iwe zahanati. Kutoka hapo ahesabu wiki nne, arudi; ahesabu tena wiki nne, arudi. Mtoto akitimiza siku 98, yaani wiki 14, amemaliza za nimonia.

Isieleweke kwamba kabla ya arobaini mtoto hachanjwi. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio hutolewa mara tu anapozaliwa, na nifasi haimzuii mama kumpeleka mtoto hospitali. Akiwa dhaifu, bibi au baba ampeleke.

Kwa nini mara tatu? Mfano wake ni mwanafunzi wa chuoni. Siku ya kwanza ya alif, bee, tee anasikia tu. Siku ya pili anakumbuka. Siku ya tatu hasahau. Askari wa mwili wa mtoto nao hufundishwa hivyo kumjua adui. Aliyechanjwa mara moja ana kinga pungufu, na hicho ndicho kilichompata mjukuu wa yule bibi.

MBONA ALICHANJWA NA AKAUGUA?

Swali hili naulizwa kila mara, Mugumu na Sirari, na ni swali la haki. Jibu lake tulitafute kwa jirani zetu Kenya, ambao walianza chanjo hii mwaka 2011. Kule Kilifi, pwani, watafiti waliwafuatilia watoto kwa miaka kabla na baada ya chanjo. Ugonjwa mkali wa pneumokokasi wa aina zilizomo kwenye chanjo, ule unaoingia kwenye damu na uti wa mgongo, ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto chini ya miaka mitano. Lakini nimonia ya kila namna inayoonekana kwenye picha ya eksirei ilipungua kwa karibu nusu.

Namba hizi mbili hazipingani. Nimonia ina vyanzo vingi: kuna bakteria wengine na kuna virusi. Chanjo ya PCV inafunga mlango mmoja, ule mkubwa. Milango mingine inafungwa na chanjo nyingine. Ile ya pentavalenti, inayotolewa siku hizo hizo za wiki 6, 10 na 14, ina kinga ya kifaduro na ya bakteria aitwaye Hib, ambao wote hushambulia mapafu. Ya surua nayo hukinga nimonia inayofuata surua. Mlango wa moshi na uchafu tunaufunga wenyewe nyumbani.

Hivyo mtoto aliyechanjwa anaweza kuugua kikohozi, hata nimonia, ila hatari ya kufa imepungua sana. Na huko Kilifi ilionekana kwamba hata wakubwa ambao hawakuchanjwa waliugua kidogo kuliko zamani, kwa kuwa watoto hawakuwa tena na kijidudu cha kuwaambukiza. Kumchanja mjukuu ni kumkinga na babu.

HOFU TULIZONAZO

Waislamu tusibezane katika jambo hili. Mzazi anayeuliza kitu kinachoingia mwilini mwa mwanawe anatimiza wajibu wake. Nitazitaja hofu ninazozisikia zaidi.

Kwanza, je, ndani yake kuna haramu? Chanjo ya PCV hutengenezwa kwa kuchukua ganda la nje la bakteria, lenye asili ya sukari, na kuliunganisha na protini. Hakuna kijidudu kilicho hai, kwa hiyo haiwezi kumpa mtoto nimonia. Gelatini ya nguruwe, ambayo imo katika baadhi ya chanjo nyingine duniani na ndiyo iliyoleta maswali, katika PCV13 haimo. Saudi Arabia nayo inawapa watoto wake chanjo ya nimonia katika ratiba ya taifa, na haimpokei hujaji asiyechanjwa homa ya uti wa mgongo. Mahujaji wetu wote wamepita hapo.

Pili, je, inafunga kizazi? Uvumi huu umezunguka katika chanjo nyingi. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano ikiwemo, yalisimamisha chanjo ya polio kwa maneno hayo hayo. Mwaka 2004 Kano ilirudi kuchanja, kwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia. Lakini polio ilikuwa imekwisha kusambaa tena kutoka Nigeria, ikafika Sudan, Yemen na Indonesia yenyewe, nchi iliyokuwa imekaa miaka kama kumi bila ugonjwa huo. Waliolemaa walikuwa watoto wa Kiislamu, na uvumi haukuwalipa fidia. Ama hii ya nimonia, haina kitu chochote kinachogusa uzazi.

Tatu, homa baada ya sindano. Ni kweli, paja linaweza kuvimba kidogo, na mtoto akachemka au akalialia siku moja au mbili. Mnyonyeshe mara nyingi, mpunguzie nguo, na umpe panado kwa kipimo ulichoelekezwa. Homa ikizidi siku mbili, mrudishe kituoni. Asiyetakiwa kurudia sindano ni yule aliyepata mzio mkali mara ya kwanza, naye ni nadra sana. Mafua madogo si sababu ya kuahirisha.

Nne, wapo wanaosema kila kitu ni kadari ya Allah. Naam, ni kadari. Lakini tumesoma chuoni kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akielekea Sham, akaambiwa kuna tauni, akageuza msafara. Alipoulizwa kama anakimbia kadari, alijibu kwa mfano wa mchungaji aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu: popote atakapolisha ni kwa kadari ya Allah. Sisi wa Tarime na Serengeti, watu wa ng'ombe, mfano huu hatuhitaji kutafsiriwa. Hakuna mfugaji anayeacha majani mabichi akapeleka mifugo kwenye vumbi kisha akasema ni kadari.

Na kama kuna anayedhani kinga hii ni jambo la Wazungu tu, ajue kwamba mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliwakuta wanawake wa dola ya Uthmaniya wakiwachanja watoto kwa chale ndogo ili wasiuawe na ndui. Yeye ni mmoja wa walioipeleka habari hiyo kwao.

DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALI

Mtoto akiwa na kikohozi, subiri atulie, mfunue kifua, shika saa au simu, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Ni nimonia ikiwa:

1. Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
2. Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
3. Mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usingoje kupambazuke. Wala usimpeleke kwa mkata kimeo. Kimeo hakileti nimonia. Kukikata kunaleta damu, usaha na pepopunda, na kunakula siku ambazo dawa ingefanya kazi. Mtoto mwenye nimonia isiyo kali hupona kwa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha, akiwahishwa.

TUFANYE NINI?

Akina mama: tafuteni kadi leo. Kama sindano ya pili au ya tatu imepita, nendeni hivyo hivyo. Haianzwi upya, inaendelezwa pale ilipokomea. Msiogope kuulizwa mlikuwa wapi. Mkiwa na mtoto mchanga mwezi wa Ramadhani, kliniki haisubiri Idi, mtoto hafungi. Mnyonyesheni maziwa ya mama peke yake miezi sita, na jikoni fungueni dirisha.

Akina baba: nauli ya bodaboda ya kwenda zahanati ni sehemu ya nafaka na matumizi ya nyumba. Ijueni tarehe iliyoandikwa kwenye kadi kama mnavyoijua siku ya mnada. Mkihama na mifugo, kadi ihame nanyi, kwani kituo chochote kitaendeleza.

Maimamu na walimu wa madrasa: tarehe ya huduma ya mkoba ikitangazwa kijijini, itajeni baada ya swala ya Ijumaa. Dakika moja inatosha.

Nasi wahudumu: tusichome kabla ya kusema. Mzazi aondoke akijua mtoto amepata nini, inakinga nini, na arudi lini.

Yule baba hakuondoka na mtoto tu siku ile. Aliondoka na tarehe mbili alizoandika kwa mkono wake nyuma ya kadi, na zote mbili alikuja mwenyewe.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu na atuwezeshe kuwatimizia haki zao. Wabillahi tawfiiq.