Jando la Kikristo huko Masasi

Tuulizane: mtu akipokea dini mpya, jando aliache? Wamisionari wa Kianglikana walianza kazi Masasi mwaka 1876, na neno hili likawasumbua sana. Katika jando la zamani unga ulimwagwa chini ya mti kuwaomba wazee waliokufa. Tena nyimbo nyingine zilikuwa za matusi. Lakini kijana asiyeingia jandoni alihesabiwa mtoto tu, hata awe na ndevu. Wenzake wanamcheka, kupata mke shida. Sasa mzazi Mkristo afanye nini?

Mwingereza mmoja, Padre Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi toka 1926 hadi 1944, alilishika jambo hili pamoja na mapadre na walimu wenyeji. Wao jando walilijua, maana walipita humo humo. Basi wakaona kutahiri kubaki, na mafundisho ya adabu na kuheshimu wakubwa yabaki. Matambiko na matusi yaondoke. Mahali pake zikawekwa sala, na padre akawabariki vijana. Mtoto akarudi nyumbani mtu mzima, na ukristo wake anao.

Kwa wasichana mambo hayakwenda vizuri hivyo. Unyago ni siri ya wanawake, na aliyetaka kuubadili ni askofu, mwanamume! Sisi hatushangai. Kungwi gani atakubali kufundishwa kazi yake na mtu asiyeruhusiwa hata kuchungulia mlangoni?