Moto Ukizimwa, Masizi Huanza Kazi

Kwenye vilima vya Kadutu, mjini Bukavu, nyumba za mbao zimebanana kiasi kwamba moto ukishika moja, jirani hupata dakika chache tu za kutoa watoto na sanduku. Kavumu, kilomita kama 30 kaskazini, kwenye barabara ya taifa namba 2 iendayo Goma, nafasi kati ya nyumba ni kubwa kidogo, lakini mbao, makala na bidoni za petroli ni zilezile. Nyumba ikiungua usiku, asubuhi vilivyookolewa huwa vimerundikwa kando ya njia: masufuria meusi, sanduku la bati, godoro lililolowa, furushi la vitenge, redio. Watu wanatoa pole, wanachanga, halafu jirani mwenye huruma anachovya kitambaa majini na kuanza kusugua.

Huruma hiyo mara nyingi huleta hasara ya pili. Vitu vingi vilivyoponea moto huharibika katika siku mbili zinazofuata, kwa sababu ya masizi, unyevu na haraka. Anayejua masizi ni kitu gani anaweza kuokoa sehemu kubwa ya mali hiyo bila kununua chochote kigeni.

Uchafu wenye mafuta na asidi

Moto wa ndani ya nyumba haupati hewa ya kutosha. Mbao, nguo na plastiki haviungui mpaka mwisho, na kaboni iliyobaki huruka kama chembe ndogo mno, nyingi zikiwa hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe hizo hubeba mafuta na lami ya moshi. Hewa ya moto huzisukuma kuelekea penye baridi, ndiyo maana masizi hukolea kwenye vioo, kwenye kuta za nje, nyuma ya kabati, na hata katika chumba ambacho ndimi za moto hazikufika.

Zaidi ya mafuta kuna asidi. Ganda la nyaya za umeme na mifereji mingi ya maji vimetengenezwa kwa plastiki ya PVC. Ikiungua, hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu hugeuka asidi hidrokloriki. Asidi hiyo hutua pamoja na masizi juu ya vyuma, na kutu inaweza kuanza siku ileile. Godoro la sponji nalo, likiungua, hutoa monoksidi ya kaboni na gesi ya sianidi. Kwa hiyo moto ukishazimwa, mtu asiingie usiku huohuo kutafuta pesa au simu. Nyumba iachwe ipitishe hewa, na umeme ukatwe kabisa kabla mtu hajavuka kizingiti.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ya kwanza: kavu kwanza, maji baadaye. Masizi makavu yamekaa juu ya kitu tu. Ukiyalowesha na kuyasugua, mafuta yake yanapenya ndani ya mbao, uzi na rangi ya ukuta, na doa halitoki tena. Vitu vitolewe nje na kukung'utwa upande ambao upepo unaondokea. Masizi yaliyobaki yaondolewe kwa brashi laini au kitambaa kikavu, kwa mwendo wa upande mmoja, huku kitambaa kikikunjwa upya kila kinapochafuka. Anayefanya kazi hiyo afunike pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Ukuta ukifika wakati wa kuoshwa, uanziwe chini kwenda juu, maana maji machafu yakitiririka juu ya ukuta mkavu huacha michirizi isiyofutika.

Vitenge na nguo nyingine, zikishakung'utwa, zifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni nyingi, hata mara mbili. Sabuni ina alkali, nayo hupunguza asidi na kuyeyusha mafuta. Nguo isipigwe pasi kabla harufu haijaisha, kwa kuwa joto hukaza masizi ndani ya uzi. Wengine hukimbilia javeli ili nguo nyeupe zirudi. Javeli huchosha pamba, na ikichanganywa na siki au asidi nyingine hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa masufuria, mama wa Kavumu tayari ana dawa. Jivu la kuni lina potasiamu kaboneti, ambayo ni alkali: hukata mafuta na kuua asidi kwa mkupuo mmoja. Lisuguliwe na kusuuzwa mara moja, lisilazwe ndani ya sufuria, kwa sababu alkali ikikaa hula alumini.

Redio, simu na betri za sola zisiwashwe ili kujaribu kama bado ni nzima. Masizi hupitisha umeme, na chombo ambacho kingepona kwa kufunguliwa na kusafishwa na fundi huungua papo hapo. Betri ya simu iliyovimba ikae nje, mbali na nyumba. Unga, dawa na vyakula vilivyopigwa na moshi au joto vitupwe, hata kama gunia linaonekana safi, maana unga hunyonya moshi, na joto huharibu dawa bila kubadili rangi yake.

Vyuma vinaeleza joto lilifika wapi

Kabla ya kuamua kipi kitumike tena, mabaki yenyewe yanaweza kusomwa. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420 za selsiasi, alumini kwa 660, shaba kwa 1,085 na chuma kwa 1,538. Chumba kikiwaka chote, joto linaweza kufika kati ya 800 na 1,000. Kwa hiyo sufuria iliyoyeyuka ikawa donge inasema kwamba pale palipita nyuzi 660, na waya wa shaba uliobaki mzima unasema hapakufika 1,085.

Usomaji huu una faida ya mfukoni. Bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Likipita kwenye moto mkali, zinki huondoka, na hata likinyooshwa na kurudishwa juu, mvua zinazoanza Septemba zitalivika kutu upesi. Linafaa kwa ua au banda, si kwa paa la kulala chini yake. Panga na jembe havikuyeyuka, lakini chuma kilichowiva hadi kikawa chekundu kisha kikapoa polepole hupoteza ugumu wake. Panga litajikunja na halitashika makali mpaka mhunzi alipashe moto upya na kulizamisha kwenye maji au mafuta.

Ukuta wa saruji nao una alama zake. Kuanzia karibu nyuzi 300, zege lenye mchanga na mawe ya madini ya chuma hugeuka rangi ya waridi, na kuanzia hapo nguvu zake hupungua kadiri joto linavyopanda. Nguzo yenye rangi hiyo iangaliwe na fundi kabla haijabebeshwa paa jipya. Tofali za udongo mbichi huvumilia moto vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kinachoziangusha mara nyingi ni maji ya kuzimia.

Bahasha ya karatasi

Kitu kinachouma zaidi kukipoteza mara nyingi ni chepesi kuliko vyote: kadi ya uchaguzi, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho, diploma ya mwisho wa sekondari, hati ya kiwanja, picha za harusi. Kanuni za kuviokoa hazitofautiani kati ya bahasha ya mama mmoja wa Kavumu na maktaba ya kituo cha utafiti cha Lwiro, kilicho jirani na kilichoanzia enzi za taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947.

Karatasi moja hushika moto kwa takriban nyuzi 230, lakini rundo lililobanwa halina hewa katikati, kwa hiyo huungua kingo tu. Adui mwingine ni maji. Tarehe 18 Aprili 2021, moto wa nyika ulioshuka kutoka Table Mountain uliteketeza ukumbi wa maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Milango ya kuzuia moto iliokoa ghala la chini, lakini maji ya wazima moto yakalifurika. Watu wa kujitolea walibeba makreti kwa makreti ya vitabu vilivyolowa, na vingi vikagandishwa kwenye baridi ili kusimamisha kuvu mpaka vipatiwe nafasi ya kukaushwa.

Kuvu huweza kuanza kuota kwenye karatasi mbichi ndani ya saa 48 hivi, ndiyo maana siku mbili za kwanza zina thamani. Kurasa zilizogandana zisivutwe kwa nguvu. Zilazwe juu ya kitambaa safi kivulini, penye upepo, na kugeuzwa taratibu. Picha za kuchapwa zilizoshikana na bado mbichi ziwekwe kwenye maji safi ya baridi, zitenganishwe humo humo, kisha zianikwe zikiangalia juu. Zikikauka zimeshikana, kuzitenganisha huondoa sura za watu.

Kuna pia pesa. Familia nyingi huku huficha akiba ya dola chini ya godoro, na hata noti iliyochanika kidogo tu hukataliwa sokoni. Idara ya Marekani inayochapa noti hizo hupokea noti zilizoungua na kuzilipa, ikiwa zaidi ya nusu ya noti inatambulika na alama za usalama zimebaki, au ikiwa kuna ushahidi kwamba sehemu iliyokosekana imeteketea kabisa. Kwa hiyo mabaki yasinyooshwe wala kuhesabiwa kwa vidole. Yachukuliwe pamoja na chombo yalimokuwa, na yatandikiwe pamba ili yasivunjike njiani.

Mahali moto unapoanzia

Kavumu iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni baridi. Ndipo mbabula, jiko la makala, huingizwa ndani, wakati uleule mbao zimekauka kwa kiangazi. Makala yanayoonekana kama yamezimika huendelea kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na cheche moja kwenye pazia au chandarua inatosha. Mbabula hulala nje.

Umeme unaotoka mitambo ya mto Ruzizi hukatika mara kwa mara, na hatari iko wakati unaporudi. Pasi iliyosahauliwa juu ya kitanda hupata moto wakati mwenyewe yuko sokoni. Ukikatika umeme, chomoa. Joto ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo: ukizidisha mkondo mara mbili, joto huwa mara nne. Nyumba tatu zikiunganishwa kwenye waya mwembamba mmoja, ganda huyeyuka ndani ya ukuta wa mbao bila mtu kuona. Fyuzi iliyobadilishwa kwa kipande cha waya imeacha kuwa fyuzi.

Petroli ya akina Kadhafi, jina wanaloitwa wauzaji wa chupa na bidoni kando ya barabara, ni jambo jingine. Mvuke wake huwaka hata hewa ikiwa baridi kuliko barafu, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni mpaka ukute mshumaa chumba cha pili. Kivu ya Kusini ina kumbukumbu yake: tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katika tambarare ya Ruzizi, likalipuka, na zaidi ya watu 230 wakafa, wengi wao wakiwa kwenye vibanda wakitazama Kombe la Dunia. Bidoni ya petroli isilale nyumba moja na watu, wala isimwagwe karibu na taa.

Jirani naye ahesabiwe. Mbao huweza kuwaka kwa joto la mnunurisho tu, bila kuguswa na ulimi wa moto, kwa hiyo kila hatua ya nafasi inayoongezwa kati ya nyumba mbili ni kinga. Pale ambapo nafasi haipo, ukuta wa mbao uliokandikwa udongo pande zote huchelewa kushika, na dakika hizo ndizo za kutoa watoto. Gunia la mchanga mlangoni huzima mafuta yanayowaka, ambayo maji huyasambaza.

Kuhusu bahasha ya karatasi, usitegemee sanduku la bati: bati hupitisha joto. Piga picha ya kila hati kwa simu na uitume kwa ndugu aliye Bukavu au Goma. Nakala hiyo haitachukua nafasi ya hati yenyewe, lakini itakuwa na namba, tarehe na muhuri, na ofisi ikikuuliza unatafuta nini, utakuwa na pa kuanzia.