Kivimbe cha Mshipa wa Ubongo: Kutibiwa Kabla Hakijapasuka

Bila shaka umepata kuona tairi la baiskeli lililochakaa. Mahali pamoja nyuzi za tairi zimelika. Ukijaza upepo, mpira wa ndani hutokeza hapo kama yai. Baiskeli bado inakwenda. Mwenyewe anaweza kuipanda siku nyingi bila taabu yo yote. Lakini fundi akiiona hutikisa kichwa, kwa sababu anajua kuwa pale palipotuna, mpira umekuwa mwembamba.

Mshipa wa damu nao huweza kutuna hivyo. Ukituna mshipa wa ubongo, madaktari hukiita kivimbe hicho aneurisimu. Si jipu, wala si saratani. Ndani yake hamna usaha. Mna damu ile ile inayopita mshipani. Ukuta wa mshipa umedhoofika mahali pamoja, na msukumo wa damu umeusukuma nje mpaka ukafanya kifuko. Mara nyingi kifuko hutokea pale mshipa mmoja unapogawanyika kuwa miwili, kwa kuwa hapo damu hugonga kwa nguvu.

Watu walio nacho si wachache. Katika kila watu wazima 100, kama watu 3 wana kivimbe cha namna hii, na wengi wao hawajui. Hakiumi. Mtu hulima, huzaa, huzeeka, na mwisho hufa kwa sababu nyingine kabisa. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati tu. Mtu ameanguka na pikipiki, amepigwa picha ya kichwa, na daktari akaona kitu asichokuwa akikitafuta.

Mara chache kivimbe hujitangaza mapema. Kikigusa mshipa wa fahamu unaoongoza jicho, kope ya jicho moja hulegea, mboni yake hupanuka kuliko ya jicho la pili, na mtu huona vitu viwili mahali pa kimoja. Ukiona dalili hiyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

KIKIPASUKA

Damu humwagika juu ya ubongo. Kichwa huuma ghafla, kama mtu aliyepigwa rungu. Maumivu haya hayaji polepole kama ya malaria. Hufika kilele chake kwa dakika moja tu, na mgonjwa husema hajapata kuumwa hivyo tangu azaliwe. Hutapika. Shingo hukaza. Wengine huzimia au hupata degedege. Karibu mtu 1 kati ya 3 hufa, na katika wanaopona wengi hubaki na ulemavu. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali bila kusubiri kuche. Asipewe aspirini hata kidogo, maana huzuia damu kuganda na kuzidisha kumwagika.

Mtu mzima akianguka hivyo shambani, mara nyingi majirani huanza kumtafuta aliyemroga. Na ikiwa mwaka uliopita ndugu yake naye alianguka hivyo hivyo, basi maneno huwa mengi zaidi. Ukweli ni kwamba udhaifu huu wa mishipa hufuata ukoo. Kama ndugu wawili wa tumbo moja wamepatwa, au mzazi na mtoto wake, waliobaki wamweleze daktari ili nao wapimwe. Mambo mengine yanayouongeza ni kuvuta sigara na shinikizo kubwa la damu. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

KUTIBU AU KUNGOJA?

Hapa ndipo penye kazi ngumu. Tuseme mama wa miaka 50 ameambiwa ana kivimbe ambacho hakijapasuka. Anarudi nyumbani. Kaka yake anamwambia, "Dada, wewe huumwi popote. Unakwendaje kuingizwa vyuma kichwani?" Neno la kaka si la kipumbavu. Matibabu yenyewe yana hatari zake. Lakini nalo haliwezi kuamua shauri hili peke yake, kwa sababu ugonjwa huu hautoi maumivu mpaka siku unapopasuka.

Daktari hupima hatari mbili kama mtu anayepima kwa mizani. Upande mmoja ni hatari ya kuacha. Mwaka 2003 ilitolewa hesabu ya wagonjwa wa Marekani, Kanada na Ulaya waliofuatwa kwa miaka. Kwa watu ambao hawajapata kupasukiwa, vivimbe vya mishipa ya mbele ya ubongo vyenye upana wa chini ya milimita 7 havikupasuka katika miaka 5. Vya milimita 7 hadi 12, vilipasuka kama 3 kati ya 100. Vya milimita 13 hadi 24, karibu 15 kati ya 100. Vya milimita 25 na zaidi, 40 kati ya 100. Vya mishipa ya nyuma ya ubongo vilikuwa vibaya zaidi. Hata hivyo usidhani kuwa kidogo hakipasuki kamwe. Hutokea.

Upande wa pili ni hatari ya kutibu. Hesabu nyingine iliyotolewa mwaka 2019, iliyokusanya habari za wagonjwa wengi waliotibiwa kwa kupitia ndani ya mishipa, ilionyesha kuwa karibu 5 kati ya 100 walipata madhara, kama vile kiharusi. Waliokufa walikuwa kama 3 kati ya 1,000.

Kwa hiyo mzee wa miaka 80 mwenye kivimbe cha milimita 3 huenda akaambiwa akae nacho, aache sigara, anywe dawa za shinikizo la damu, na arudi kupigwa picha kila baada ya muda. Hakufukuzwa. Kungoja huko nako ni matibabu. Mama wetu wa miaka 50, kama kivimbe chake ni cha milimita 10, hakina umbo la mviringo na kinakua, huenda akashauriwa atibiwe. Kabla ya kukubali, amwulize daktari: Kina upana gani? Kiko wapi? Hatari yangu nikiacha ni ipi, na nikitibiwa ni ipi?

KIBUYU NA BAKULI

Njia moja ya zamani ilikuwa kufungua fuvu na kubana shingo ya kivimbe kwa kibanio kidogo cha chuma. Daktari Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alifanya hivyo mwaka 1937. Njia hiyo inatumika mpaka leo, na kwa vivimbe vingine ndiyo bora.

Mwaka 1990 daktari Mwitalia, Guido Guglielmi, akifanya kazi Los Angeles pamoja na wenzake, walianza kumtibu mgonjwa bila kufungua fuvu. Walipitisha mrija mwembamba ndani ya mishipa mpaka kwenye kivimbe, wakakijaza nyuzi laini za madini ya platini zinazojikunja kama masokoto ya uzi. Damu haipati tena nafasi ya kuzunguka mle ndani. Huganda, na kivimbe huziba.

Lakini ilionekana shida moja. Chukua kibuyu chenye shingo nyembamba, ukijaze pamba, kisha ukipindue. Pamba haitoki. Sasa jaza pamba kwenye bakuli na ulipindue. Pamba yote itaanguka. Vivimbe navyo viko hivyo. Vingine vina mdomo mwembamba kama kibuyu, na vingine vina mdomo mpana kama bakuli. Nyuzi zikiwekwa kwenye cha bakuli, huteleza na kurudi katika mshipa. Mshipa ukizibwa, mgonjwa hupata kiharusi, na aliyekwenda kutibiwa anarudi amepooza.

Ikatakiwa kitu cha kuzuia mlangoni. Kitu hicho ni stenti. Ufikirie mgono wa kuvulia samaki uliokatwa ncha zote mbili, ukabaki bomba lililosukwa, wazi huku na huku. Stenti ni bomba la namna hiyo, ila limesukwa kwa waya mwembamba sana, na upana wake ni milimita chache tu. Huwekwa ndani ya mshipa, mbele ya mdomo wa kivimbe. Damu hupita katikati yake kama kawaida, na nyuzi zilizo ndani ya kivimbe haziwezi kutoka.

Mwaka 1997 madaktari wa California waliandika habari za mgonjwa waliyemtibu kwa stenti na nyuzi pamoja. Walitumia stenti ya mishipa ya moyo, maana za ubongo hazikuwapo. Hiyo ya moyo ni ngumu, na mishipa ya ubongo ina kona nyingi. Mwaka 2002 Marekani iliruhusu stenti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hii ya ubongo. Madini yake ni mchanganyiko wa nikeli na titani. Hukunjwa ndani ya mrija mwembamba sana, na ikitolewa hutanuka yenyewe mpaka ishike kuta za mshipa.

KAZI INAVYOFANYWA

Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye mshipa wa kinena, au wa kifundo cha mkono. Mrija hupitishwa hapo, hupanda kifuani, hupita shingoni na kuingia kichwani. Mishipa haina hisia kwa ndani, na daktari hawezi kuuona mrija kwa macho. Anaufuata kwa mashine ya eksirei, huku akiingiza dawa inayofanya mishipa ionekane nyeusi kwenye kioo. Stenti huachiwa, kisha nyuzi hujazwa. Kazi huchukua saa chache. Hakuna fuvu linalofunguliwa wala nywele zinazonyolewa. Baadaye mgonjwa hulala amenyooka kwa saa kadhaa ili tundu la kinena lisitoe damu.

Jambo hili si la ajabu kwetu kama linavyosikika. Wanaotibiwa mishipa ya moyo iliyoziba katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huwekewa stenti kwa njia inayofanana na hii. Kwa ubongo, mgonjwa wa Tanzania hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, yaani MOI. Ingawa jina lake ni la mifupa, ubongo nao ni kazi yake. Huko ndiko atakakoelezwa ni njia ipi inayofaa kivimbe chake. Gharama ni kubwa. Aliye na bima aulize mapema, na asiye na uwezo aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya siku ya matibabu.

VIDONGE

Tumefika mahali ambapo daktari hana uwezo tena, na kazi inabaki mikononi mwa mgonjwa na watu wa nyumbani kwake.

Stenti ni waya mgeni ndani ya damu. Damu ikikuta kitu kigeni hutaka kuganda juu yake. Bonge la damu likifanyika pale, mshipa huziba, na hicho ni kiharusi. Baada ya miezi, ngozi laini ya ndani ya mshipa huota na kuufunika ule waya, na hatari hupungua sana. Mpaka hapo mgonjwa hulindwa na vidonge. Kwa kawaida ni vya aina mbili, aspirini na klopidogreli. Huanza kuvinywa siku kadhaa kabla ya kuwekewa stenti. Vyote viwili huendelea kwa miezi kadhaa, kisha mara nyingi aspirini huendelea peke yake kwa muda mrefu zaidi. Daktari ndiye anayesema lini kuacha.

Usistaajabu kwamba aspirini niliyoikataza kwa aliyepasukiwa ndiyo anayopewa mwenye stenti. Yule damu inamwagika. Huyu tunataka damu ipite.

Sisi tunazo desturi zetu na vidonge. Tukijisikia wazima, tunaacha. Jirani akiumwa, tunamgawia. Kwa dawa za stenti, desturi hizo huua. Mwenye stenti hujisikia mzima tangu siku ya kwanza, na kujisikia kwake hakumwambii kitu juu ya waya ulio kichwani. Vidonge vikibaki vya wiki mbili, mtu atumwe mjini kununua vingine. Asingoje viishe, hasa masika barabara zinapokatika.

Akienda kung'oa jino, amwambie mganga kabla kwamba anakunywa dawa hizi, na asiziache mpaka daktari wake aulizwe. Mama anayetaka kupata mimba aulize pia. Akiumwa kichwa au mwili, anywe parasetamoli. Asinunue dukani dawa kama diklofenaki au ibuprofeni, maana zikichanganyika na aspirini huweza kutoboa tumbo. Akipata choo cheusi kama lami, akatapika damu, au jeraha likakataa kukauka, aende kituo cha afya mara moja, na achukue vidonge vyake mkononi. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakimtatiza, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Hospitali humpa mgonjwa karatasi au kadi inayoeleza stenti yake na siku ilipowekwa. Iwekwe pamoja na kadi ya kliniki, mahali pasipovuja, na mtu mwingine wa nyumbani ajue ilipo. Daktari wa pili ataitaka kabla ya kumpiga picha kwa mashine ya sumaku, na siku ya kurudi kupimwa, ambayo mara nyingi huwa baada ya miezi sita hivi, imeandikwa humo.