Je, Wajua? Kisogo Ndicho Kinachoona

Ukimpa mtu kisogo, hutaki kumwona. Lakini je, wajua kwamba sehemu ya ubongo inayotuwezesha kuona iko hukohuko kisogoni? Jicho hupokea mwanga tu. Picha yenyewe hupikwa nyuma ya kichwa. Ndiyo maana sehemu hiyo ikiumia, mtu anaweza kuwa na macho maangavu, bila mtoto wa jicho wala kovu, na bado asione mkono wake mwenyewe.

Je, wajua kwamba tochi ndogo hutoa dalili ya kwanza? Mwanga ukimpiga mgonjwa wa aina hii, mboni husinyaa kama kawaida, kwa kuwa njia inayoiamrisha mboni huishia kwenye shina la ubongo, haifiki kisogoni. Daktari akichungulia ndani ya jicho, mara nyingi hukuta kila kitu kizima. Hapo ndipo ndugu huanza kunong’ona kwamba mgonjwa anajifanya. Hajifanyi. Kilichobaki ni kupiga picha ya ubongo, CT au MRI.

Je, wajua kwamba ramani ya kuona iliyomo ubongoni ilichorwa kwa msaada wa risasi? Katika vita vya Urusi na Japani, 1904 hadi 1905, bunduki mpya za Warusi zilirusha risasi ndogo, zenye kasi, zilizoweza kutoboa fuvu upande huu na kutokea upande wa pili huku askari akibaki hai. Daktari wa macho Mjapani, Tatsuji Inouye, alipewa kazi ya kupima waliopungukiwa na uwezo wa kuona ili walipwe pensheni. Alipima tundu la kuingilia na la kutokea, akakisia njia ya risasi, kisha akalinganisha na sehemu ambayo askari hakuiona. Akagundua kwamba kitu unachokikazia macho hushughulikiwa nyuma kabisa ya kisogo, na vya pembeni hushughulikiwa ndani zaidi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1909. Kazi ya kukadiria pensheni ikazaa sayansi!

Je, wajua kwamba anayesema “jicho langu la kushoto limekufa” huenda amekosea? Upande wa kulia wa ubongo huona nusu ya kushoto ya kile kinachotazamwa na macho yote mawili. Mwambie afumbe jicho moja, kisha la pili. Kama kila jicho limekosa upande uleule, shida iko nyuma ya macho. Daktari humketisha mgonjwa mbele yake, humwambia “tazama pua yangu”, kisha huchezesha vidole pembeni, huku na huku. Aliyepoteza nusu ya kulia akikazia macho katikati ya neno “mwanafunzi” anaweza kuona “mwana” tu. Akifungua msahafu, mambo hugeuka: maandishi ya Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo hupotewa na mwanzo wa mstari.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuona chai na asiione ikimiminika? Mwaka 1983 watafiti wa Ujerumani walieleza habari za mwanamke aliyepoteza uwezo wa kuona mwendo baada ya ubongo wake kuumia. Chai ilionekana imeganda hewani, na kikombe kilipojaa hakujua aache lini. Barabarani, gari lilikuwa mbali; mara liko puani.

Je, wajua kwamba kuna vipofu wasiojua kwamba hawaoni? Hali hiyo huitwa kwa jina la Gabriel Anton. Mgonjwa hujikwaa kwenye kiti, kisha hulaumu taa.

Chanzo cha upofu huu wa ubongoni? Kiharusi, ajali ya kichwa, homa ya uti wa mgongo, moyo kusimama, mtoto kuchelewa kulia anapozaliwa. Kifafa cha mimba nacho kinaweza kumzima mama macho, ingawa mara nyingi kuona hurudi baada ya siku chache akitibiwa. Na malaria “ikipanda kichwani”, mtoto anaweza kuamka kutoka usingizi mzito haoni. Wengi hupata nafuu kwa wiki au miezi. Degedege inayokuja na malaria hiyo si ndege wala shetani: ni ubongo unaoomba hospitali.

Mtoto ambaye kuona kwake kumeathirika ubongoni huenda asishughulike na mpira uliotulia katikati ya vitu vingi. Uchukue mpira mwekundu, peke yake, uutikise taratibu. Akiugeukia, mwambie daktari ulichokiona.

Na nusu ya dunia ikikupotea ghafla, usiende kununua miwani. Kimbilia hospitali, na njiani ikumbuke saa uliyoona vizuri mara ya mwisho. Daktari wa kiharusi ataiuliza hiyo kwanza, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu wakati huo.